"Mwalimu, Shingo Imepasuka": Utatuzi wa Matatizo ya Kufinyanga Wahusika wa Katuni Darasani

Asubuhi ya siku ya tatu ndiyo ngumu kwangu. Wanafunzi wanaingia wakikimbilia rafu ya dirishani, kila mmoja anatafuta cha kwake, na kabla sijafunga mlango nimeshasikia: "Mwalimu, shingo imepasuka." "Mwalimu, wangu amelala." "Mwalimu, sikio halipo." Nafundisha sanaa sekondari, huku Pwani, darasa la wanafunzi hamsini na ushee. Kwa miaka kadhaa nimekuwa naandika kwenye daftari kila kilichoharibika na sababu yake, na jambo moja limejirudia kila muhula: ufa unaoonekana Alhamisi ulitengenezwa Jumatatu. Ukiuziba pale ulipojitokeza, utarudi. Kwa hiyo hapa naanza na kilio cha mwanafunzi, kisha tunarudi nyuma kutafuta ni wapi mkono ulikosea.

"Mwalimu, shingo imepasuka"

Usikimbilie kuziba. Kama kichwa kimeshatoka, kigeuze uangalie pale kilipokuwa kimeshikana na mwili.

Pakiwa laini, panang'aa kama kitako cha kikombe, mwanafunzi alibandika tu. Aliweka kichwa juu ya mwili, akabonyeza, akapitisha kidole chenye maji pembeni, ikaonekana imeshika. Haikushika. Vipande viwili vilivyoanza kukauka haviungani kwa kubonyezwa, vinahitaji chale. Chanja pande zote mbili kwa njiti ya mshikaki, mistari ikatane, paka uji wa udongo uleule, mzito kama mtindi, kisha sukuma huku unazungusha kidogo mpaka uji utokeze pembeni. Malizia kwa kamba nyembamba ya udongo kuzunguka maungio, uisawazishe kwa mgongo wa kijiko. Wanafunzi wangu nawaambia huu ni undugu wa kuchanjiana: mmoja akichanjwa na mwenzake asichanjwe, hakuna undugu. Hiyo hawaisahau.

Pakiwa pamechanika, pana kwaruzakwaruza kama mkate uliomegwa, basi maungio yalikuwa mazuri na tatizo ni ukaukaji. Udongo mwingi hupungua kati ya asilimia 5 na 12 kuanzia ubichi mpaka kuchomwa, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea unapokauka. Shingo nyembamba inakauka usiku mmoja na kupungua. Kichwa kikubwa ndani bado kibichi, hakijapungua kitu. Kimoja kinavuta, kingine kimekataa, na panapochanika ni katikati yao. Tiba ni kuchelewesha sehemu nyembamba: zungushia shingo, masikio na vidole tambara lenye unyevu, kiwiliwili ukiache wazi. Zamani nilifunika kila sanamu kwa mfuko wa plastiki. Mifuko ilipopigwa marufuku Tanzania, Juni 2019, nikahamia kwenye ndoo za lita 10 zilizopinduliwa, na kwa kweli ndoo ni bora, kwa sababu haigusi kazi. Wakati wa masika, huku kwetu sanamu inaweza kuchukua wiki mbili kukauka sawasawa. Ukiwa Dodoma kwenye upepo wa kiangazi, acha ndoo juu yake siku mbili zaidi ya unavyodhani inatosha.

Sababu ya tatu utaiona kwa macho: ufa unafuata mkono au mguu kwa urefu, na ndani kuna waya. Udongo unapungua, waya haipungui. Waya ni ya plastisini, ule udongo wa dukani usiokauka. Kwenye udongo wa mfinyanzi tumia mpira wa gazeti ndani ya kichwa au tumbo. Gazeti linanywea udongo unapolibana, na ukichoma linaungua lenyewe.

Je, ufa unatibika? Sanamu ikiwa bado na unyevu, ndiyo: upanue ufa kwa njiti, upake uji uliochanganywa na siki kidogo, ujaze udongo laini. Ikishakauka kabisa, usijidanganye. Utaziba leo, kesho utaona ufa mpya kando ya kiraka.

"Wangu amelala"

Mhusika wa katuni kwa umbile lake hakuumbwa kusimama. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba hadi vinane. Wa katuni ana vitatu, pengine viwili. Kwenye karatasi kichwa hakina uzito. Kwenye meza kinao, na chini yake mwanafunzi ameweka miguu ya njiti.

Niliwahi kulichochea tatizo hili mwenyewe. Nilipeleka wanafunzi Mwenge, Dar es Salaam, kutazama vinyago vya shetani vya Wamakonde, nikiwa na nia njema: nani atafundisha kuupotosha mwili wa binadamu kwa ufundi kuliko wale? Sikio moja kubwa kuliko uso, mdomo ulioshukia kifuani, kiumbe anayesimama kwa mguu mmoja uliopinda. Watoto walirudi wamewaka. Wiki iliyofuata darasa zima lilifinyanga miguu myembamba iliyopinda, na darasa zima likaanguka. Sikuwa nimewaeleza kwamba mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, una nyuzi zinazoshikana tangu juu hadi chini, ndiyo maana mchongaji anaweza kuuacha uwe mwembamba kama kidole. Udongo mbichi hauna nyuzi. Tangu hapo nawaambia: chukueni ujasiri wa Mmakonde, miguu muiache kulekule.

Kinachosaidia ni kumpa mhusika sababu ya kuwa mpana chini. Kanzu ni rafiki mkubwa wa mfinyanzi, na gauni refu pia. Kigoda cha kukalia, gunia miguuni, mkia unaogusa chini, buti za mvua zinazomzidi mwenye nazo. Binti mmoja wa kidato cha pili alinifundisha zaidi ya hapo. Alikuwa na konda wa daladala: kinywa kilichofunguka hadi masikioni, mkono mmoja mkubwa kuliko kiwiliwili, umefumbata sarafu. Alitaka aning'inie kama konda anavyoning'inia. Alianguka mara tatu. Mara ya nne binti akafinyanga mlango wa gari, kipande cha bapa chenye kona iliyokunjwa ili kisimame chenyewe, akamshikisha konda kwenye nguzo yake. Mlango ulibeba uzito wote, na juu ya hayo ukaeleza kila kitu. Hakuna aliyeuliza yule ni nani.

Kipimo: mweke juu ya ubao, inua upande mmoja kwa unene wa vidole viwili. Akianguka, rekebisha sasa hivi. Udongo uwahi ungali maji.

Lakini kuna kulala kwingine ambako umbo halina kosa. Miguu ilifinyangwa saa nne na kichwa kikapandishwa saa nne na nusu, juu ya miguu iliyo laini bado. Hapo dawa ni kusubiri. Miguu na kiwiliwili vilale usiku mmoja chini ya ndoo hadi vishike, yaani ukikandamiza kwa kucha alama inabaki, ila kidole gumba hakizami. Ndipo kichwa kipande, na mpira wa gazeti chini ya kidevu kwa siku ya kwanza.

Wote wanafanana

Hiki hakuna mwanafunzi atakayekulilia, kwa sababu wao wamefurahi. Utakiona wewe ukisimama mbele ya rafu: vichwa hamsini, thelathini vina masikio ya duara ya yule panya wa televisheni, na waliobaki wamekuiga wewe.

Chanzo cha kwanza ni mfano wa mwalimu ulioachwa juu ya meza. Onyesha ufundi, usionyeshe mhusika aliyekamilika. Ukitaka kufundisha jinsi ya kuunga mkono, unga mkono kwenye donge lisilo na uso.

Chanzo cha pili ni swali lenyewe. Ukimwambia mtoto "tengeneza katuni," anakumbuka katuni aliyoiona. Mimi sigawi udongo siku ya kwanza. Nauliza maswali matatu, yanajibiwa kwa maandishi: Anataka nini? Nini kinamzuia? Mwili wake umebadilikaje kwa ajili hiyo? Swali la tatu ndilo linalozaa sanamu. Mama muuza maandazi anayetaka kusikia kila neno la mtaani: sikio lake limekua kama ungo, upande mmoja tu, upande wa jirani. Mlinzi wa usiku anayeogopa giza: macho yamejaa uso, na tochi amekumbatia kama mtoto. Mzee wa bao ambaye hajawahi kushinda: amekaa muda mrefu hata kigoda kimeanza kuwa sehemu ya mwili wake.

Kisha udongo, lakini kidogo: vijisanamu vitano vya ukubwa wa kidole gumba kwa dakika kumi, vyote vya mhusika huyohuyo, visivyo na macho wala vidole. Cha kwanza karibu kila mara ni cha televisheni. Cha pili ni cha televisheni kilichobadilishwa kofia. Mtu wao anaanza kutokea kwenye cha tatu au cha nne, mawazo ya kuazima yakishakwisha. Kazi kubwa inatoka humo.

Funga madirisha, washa tochi ya simu, tupa kivuli cha kijisanamu ukutani. Darasa likitaja kazi yake au tabia yake kwa kivuli peke yake, umbo limesimama. Wakisema "mtu," bado. Kosa la kawaida hapa ni kukuza kila kitu: pua kubwa, macho makubwa, mikono mikubwa, tumbo kubwa. Kila kitu kikiwa kikubwa, hakuna kikubwa. Chagua kimoja, vingine vipungue ili hicho kionekane.

Wanaoleta sungura wa ngano siwakatazi. Nauliza tu: sungura yupi? Wa siku gani? Mmoja alinijibu, "Aliyezeeka, hakuna anayeamini tena ujanja wake." Masikio yakalala mabegani. Huyo alikuwa wake.

Na hapa sina mzaha. Kuna muhula mwanafunzi alifinyanga mwenzake anayechechemea, darasa likacheka, mwenyewe akainamisha kichwa. Nilisimamisha kipindi. Tangu siku hiyo kanuni inasomwa kabla udongo haujafunguliwa: tunakuza tamaa ya mtu, hofu yake, kiburi chake, kazi yake. Hatukuzi kilema, wala rangi, wala kabila.

Amekuwa chapati

Mbele anapendeza, ubavuni ana unene wa biskuti, kisogoni hakuna kitu. Amefinyangwa akiwa amelala mezani kama mchoro. Wafinyange wakiwa wamesimamisha kazi tangu donge la kwanza, juu ya kigae au kisahani kinachozungushika. Kila ninapopiga makofi, kila mmoja anageuza sahani robo mzunguko na kuendelea na upande uliomfikia, apende asipende. Kwenye mchoro wa maandalizi dai mbele, ubavu na kisogo. Kisogo ndicho kinachowashinda, na ndicho kinachowafundisha.

Ana macho lakini haoni

Macho yamechorwa kwa penseli, au ni matundu mawili ya kijiti. Jicho halichorwi, linapachikwa. Bonyeza mashimo mawili kwa vidole gumba, weka gololi ya udongo katika kila shimo, kisha funika kwa kope: kipande chembamba kama ganda la kitunguu juu, kingine chini. Kope ndiyo inayosema. Gololi hiyohiyo, kope ya juu ikishuka nusu, mtu ni mvivu au mjanja, ikipanda, ameshtuka, ikiinamia puani, amekasirika. Waache wacheze na kope kwa kipindi kizima, dakika zote 40, hata kama kazi nyingine itachelewa. Sijawahi kuujutia muda huo.

Mdomo ukatwe kwa wembe na kufunguliwa. Ukichorwa juu unapotea siku ya rangi.

Ngozi ina mapele na nyufa ndogondogo

Maji mengi. Mtoto anachovya kidole kila mara, uso wa sanamu unakuwa tope, ukikauka unapasukapasuka kama bwawa la kiangazi. Ondoa bakuli za maji mezani. Kila meza ipate sponji moja iliyokamuliwa, basi.

Udongo wenyewe hautii

Kabla ya kumlaumu mwanafunzi, viringisha kamba ya udongo yenye unene wa penseli uizungushe kidoleni. Ikikatika, udongo hauna mnato. Ama una mchanga mwingi, ama haujalowekwa ukakaa. Kaolini ya Pugu, pale Kisarawe, ni nyeupe ya kutamanisha, lakini peke yake haina mnato wa kutosheleza vidole vya watoto. Nachanganya na udongo mweusi wa bondeni. Ukishikana mno na kunata viganjani, tatizo ni la upande wa pili, na huo ndio utakaopungua na kupasuka zaidi. Uongeze gae: vyungu vilivyovunjika, vikapondwa, vikachekechwa. Wafinyanzi hawatupi gae, na chakula cha udongo mpya ni sanamu zilizoshindwa mwaka jana. Gae liponde likiwa limelowa. Vumbi la udongo mkavu linaingia mapafuni na halitoki, na kwa sababu hiyo hiyo sakafu ya darasa la ufinyanzi inapanguswa kwa tambara bichi, haifagiliwi ikiwa kavu.

Kanda ule udongo mpaka ukiukata kwa mshipi wa kuvulia usione mashimo ndani. Maji ya kunawia yasimwagwe sinki. Yatulie kwenye ndoo, udongo ushuke chini, urudi pipani.

Imelipuka motoni

Watu wengi husema ni hewa iliyonaswa. Hewa peke yake ni nadra kulipua. Kinacholipua ni maji. Kwa nyuzi 100 maji yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Kichwa kigumu chenye unene wa ngumi kinaonekana kikavu nje na ndani bado kibichi. Siku ya kwanza niliyochoma kazi za wanafunzi nilisikia mlio wa kwanza, nikadhani ni kuni. Baada ya wa nne nikajua. Tulipofungua, vipande vya kichwa kimoja vilikuwa vimevunja masikio ya majirani zake wote, na kumweleza mtoto ambaye kazi yake haikuwa na kosa lolote kwamba imevunjwa na ya mwenzake ni jambo ambalo bado linaniuma.

Kwa hiyo, kichwa chochote kinachozidi unene wa vidole viwili kinatobolewa ndani. Udongo ukishashika, kikate katikati kwa mshipi, chota ndani kwa kijiko ubakize ukuta wa unene wa kidole kidogo, chanja, paka uji, rudishia. Toboa tundu chini pasipoonekana, mvuke upate njia. Kabla ya kuchoma, weka sanamu shavuni. Ikiwa baridi kuliko hewa ya chumbani, bado maji yanatoka. Irudi kwenye rafu. Mtoto anaweza kupima hivi, na afadhali apime yeye.

Moto wenyewe uanze pembeni. Sisi hatuna tanuri la umeme, tunachoma kwenye pipa kwa kuni na maranda, na sanamu zinakaa saa kadhaa zikiota moto kwa mbali kabla hazijasogezwa. Shika kioo juu ya tundu la moshi: kikipata ukungu, usiongeze kuni. Ukiona ufa mrefu msafi bila mlipuko, mara nyingi pipa lilifunguliwa mapema. Mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla karibu na nyuzi 573, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka pia. Tunachoma mchana, tunafungua asubuhi.

Imetoka salama, baada ya siku chache inabanduka vipande

Hili ni la watu wa pwani. Kijishimo kidogo, na chini yake doa jeupe. Udongo wetu mwingi una vipande vya matumbawe na simbi. Motoni vinageuka chokaa, kisha vinavuta unyevu wa hewa, vinavimba na kusukuma ngozi ya sanamu nje. Hakuna tiba baada ya kuchoma. Kinga ni mbili: kuuchekecha udongo ukiwa uji, kwa chekeche la unga, na kudondoshea siki au ndimu kwenye donge kavu kabla ya kuuleta shuleni. Ukitoa povu, tafuta shimo jingine.

Rangi inabanduka

Ilipakwa kabla sanamu haijakauka, au juu ya vumbi. Pangusa, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache ikauke, ndipo rangi. Sanamu isiyochomwa ipakwe pia chini ya nyayo, maana inavuta unyevu wa meza.

"Nifanyie wewe, mwalimu"

Huwa linakuja kipindi cha tatu au cha nne, mkono mmoja umeshakatika, na kengele iko karibu. Ni rahisi sana kuchukua sanamu yake na kuinyoosha pua kwa sekunde mbili. Nimewahi kufanya hivyo, na mtoto akaiacha pale mezani hadi mwisho wa muhula. Haikuwa yake tena. Sasa natembea na donge langu mkononi. Akiniambia pua imemshinda, nakaa pembeni yake, nafinyanga pua kwenye donge langu taratibu, yeye anafuata kwenye lake. Ikipatikana, nalikunja donge langu, pua na vyote, nahamia meza inayofuata.